Kaliba
Wachambuzi wa soka wamelizoea: "mchezaji wa kaliba yake". Kwenye rejesta ya silaha, kaliba ni kipenyo cha ndani cha mtutu, na kukiandika peke yake hakutoshi kabisa. Karani anayejaza "7.62" kwenye kanzidata ameweka kwenye kapu moja bunduki za AK-47, inayotumia risasi ya 7.62×39, na G3 inayotumia 7.62×51. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Risasi ya G3 haiingii kwenye AK-47, hivyo mpelelezi aliyeokota ganda atahangaika na orodha ya bunduki zisizohusika. Majina mengine ya kaliba ni ya mazoea tu: risasi ya .38 Special ina kipenyo cha inchi 0.357. Liandikwe jina kamili kama lilivyo, bila kulisahihisha kwa rula.