Usugu

Juzi, nikingoja gari pale Kwa Mathias, Kibaha, kandokando ya barabara iendayo Morogoro, nalimsikia muuza mkaa mmoja akimwambia mwenziwe, huku akimwonyesha viganja, ya kuwa sugu zile hazikuota kwa siku moja. Nikakumbuka kwamba neno hilohilo ndilo matabibu walilolitwaa kuelezea maradhi yasiyosikia dawa. Sugu, kwa asili, ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ile ya paji la uso la mwenye kusujudu sana.

Amma katika saratani tashbihi hiyo yapotosha, kwani aghalabu seli haikomai kwa kuizoea dawa kama kiganja kinavyouzoea mpini, bali miongoni mwa mamilioni huwamo chache ambazo jeni zake zimekwisha kubadilika, na dawa iziuapo nyingine, hizo hubaki na nafasi tele ya kuzaana. Imatinibu, kidonge cha aina mojawapo ya saratani ya damu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujipachika ndani ya kimeng'enya kimoja. Ikibadilika asidi-amino moja tu, ya 315, kidonge hakipati pa kukaa. Vijidudu vya malaria navyo vilifanya mambo ya namna hiyo, hata Tanzania Bara ikaiacha klorokwini mwaka huohuo.

Basi nawasihi waandishi wenzangu: andikeni "saratani sugu", wala msiandike "mgonjwa sugu", maana mgonjwa, maskini, hakuota sugu yoyote.