Mizabibu Kisumu: Isabella, zabibu ya zamani inayovumilia kuvu

Anayetaka kupanda mizabibu Migosi au kwingineko Kisumu asihofu joto. Dodoma, Tanzania, kuna joto na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Adui ni unyevu. Dodoma hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka. Kisumu hupata zaidi ya maradufu, mbali na unyevu wa ziwa. Ndiyo maana mche uliostawi Dodoma au Naivasha unaweza kumtia hasara mkulima wa huku.

Magonjwa mawili ndiyo makuu. Ubwiri vinyoya huleta madoa ya manjano juu ya jani na ukungu mweupe chini yake, nao huenea majani yakilowa usiku. Ubwiri unga hufunika majani na matunda kwa vumbi jeupe. Hauhitaji mvua, bali kivuli na hewa isiyopita. Yote mawili yalitoka Amerika Kaskazini na kufika Ulaya karne ya 19, hivyo zabibu za Ulaya hazina kinga ya asili dhidi yake.

Isabella ni chotara wa zabibu ya Ulaya na ya Amerika, na imeuzwa tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Brazil huitwa Isabel na hulimwa kwa wingi. India ni Bangalore Blue. Huvumilia kuvu kuliko zabibu za Ulaya, ingawa si kwamba haiugui kabisa. Msimu wa mvua bado itahitaji dawa ya shaba.

Ina kasoro zake. Harufu yake ni kali, na sukari yake mara nyingi haitoshi kutengeneza mvinyo wenye nguvu, hivyo watengenezaji huongeza sukari. Mwaka 1934 Ufaransa iliipiga marufuku pamoja na machotara wengine watano. Hata hivyo, hufaa kwa sharubati, jemu na mvinyo mwepesi.

Panda kwenye tuta lililoinuka, hasa penye udongo mweusi unaotuamisha maji kama wa tambarare za Kano. Acha mita 2 hadi 3 kati ya miche, na utandaze matawi kwenye waya palipo na jua la asubuhi ili umande ukauke mapema. Ng'oa majani yanayofunika vishada, na usimwagilie majani maji.

Kupogoa ndiko kunakoamua mavuno. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Huchipua baada ya kukatwa, na matunda huiva baada ya takriban miezi minne. Ukipogoa katikati ya Septemba, utavuna Januari au Februari, kabla ya mvua ya masika. Ukipogoa Machi, maua yatatoka mvua ikinyesha, na hapo kuvu hushinda.

Miche ikitoka nje ya nchi, sharti upate kibali cha KEPHIS kwanza. Kutengeneza mvinyo wa kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010. Anza na miche miwili au mitatu uani, uitazame misimu miwili ya mvua, ndipo uamue kama shamba linafaa pesa zako.