Kutoka Mzimuni hadi Nyumbani: Riwaya za Bwana Msa Zikilinganishwa Zenyewe kwa Zenyewe

Anayetaka kupima ufundi wa mtunzi wa mfululizo wa upelelezi, yaani msururu wa kazi ambamo mpelelezi mmoja hurudi kila mara kufumbua fumbo jipya, hana budi kuzilinganisha kazi hizo zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuzipambanisha na za wengine, kwa kuwa mpelelezi akiwa ni yuleyule, kinachobadilika ndicho kinachofichua fikra za mtunzi. Kwingineko ulinganisho wa namna hii hufanywa juu ya vipindi vya televisheni vilivyoandikwa na mkono mmoja. Tanzania Bara, hata hivyo, haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na mpelelezi wa Kiswahili aliyetangulia wenzake alizaliwa na kukulia kitabuni. Huyo ni Bwana Msa, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na mhariri wa magazeti kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Wahakiki wamezoea kumweka Bwana Msa kando ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, kwa sababu ana kiko chake, ana rafiki yake Najum anayeshika nafasi ya Watson, rafiki wa Holmes, na anayaona yale ambayo polisi hawayaoni. Ufanano huo ni wa kweli, lakini unaeleza mwanzo wa safari tu. Riwaya ni saba, na zimetandazwa kwa zaidi ya miaka 20. Kuzifunga zote katika kivuli cha Holmes ni kuzisoma kana kwamba ni moja.

Ushahidi wa kwanza umo katika vichwa vyenyewe. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 na kuchapishwa 1960, na *Kisima cha Giningi* (1968), zote mbili zinataja mahali, tena mahali panapoogopwa: mzimu ni pahala pa kutambikia wahenga, na Giningi katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi. Baada ya hapo mahali panatoweka na watu wanaingia: *Duniani Kuna Watu* (1973), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976), *Kosa la Bwana Msa* (1984). *Siri ya Sifuri* (1974) peke yake haitaji mahali wala mtu.

Mabadiliko hayo si ya majina tu. Katika riwaya ya kwanza maiti ya Ali bin Said, mwenye mashamba, inakutwa mzimuni, na swali linaloitawala hadithi ni kama mkono uliomuua ni wa mizimu au wa binadamu. Ni rahisi kuisoma riwaya hiyo kama ushindi wa akili juu ya ushirikina, na wengi wamefanya hivyo. Lakini msomaji wa Msangeni, huko Ugweno katika Upare ya Kaskazini, ambako misitu ya jando iitwayo mshitu ilikuwa na miiko juu ya nani aingie na lini, ana sababu ya kuisoma kwa namna nyingine. Kwake mahali patakatifu ni penye sheria, na hofu inayowazuia watu kupakaribia ni sehemu ya sheria hiyo. Kwa usomaji huo, yaliyotendeka mzimuni ni zaidi ya mauaji, kwa kuwa heshima ya jamii nzima imegeuzwa pazia la uovu, na Bwana Msa anapolifunua pazia hilo hana haja ya kuwadharau walioogopa. Usomaji huu una uzito zaidi kuliko ule wa kwanza, kwa sababu unaeleza kwa nini Abdulla alipaita mahali hapo kwa jina la watu wa kale badala ya kumtaja marehemu.

Katika riwaya za miaka ya 1970 fumbo linahama kutoka mzimuni na kuingia nyumbani. Swali la nani kaua linalipisha swali la nani ni nani: mtoto ni wa nani, ndoa ipi ni ya kweli, urithi ni haki ya nani. Wakati uleule mwandishi mwingine, A. E. Musiba, alikuwa akimtuma Willy Gamba, mpelelezi wa serikali katika *Kufa na Kupona* (1974), kuwasaka maadui wa harakati za ukombozi kwa bastola. Bwana Msa hana cheo wala bastola, na hilo halikuwa upungufu wa ubunifu. Siri za nasaba hazitolewi kwa hati ya polisi. Hutolewa kwa mazungumzo marefu, na ndiyo maana ile lugha ya Kiunguja yenye mizunguko na mafumbo, ambayo baadhi ya wasomaji huiona kuwa pambo, ndiyo chombo chenyewe cha upelelezi.

Kwa njia hiyo *Kosa la Bwana Msa* inaeleweka kuwa zao la riwaya zilizoitangulia. Mtu aliyekuwa akichunguza maiti mzimuni angeweza kukosea na akasahihishwa na ushahidi mwingine. Aliyejitwika kazi ya kuamua nani ni mwana wa nani hukosea ndani ya nyumba za watu, na kwa mara ya kwanza jina lake linawekwa kwenye jalada, likiwa limetanguliwa na neno kosa.