Jua na Ardhi Tupu ya Nachingwea

Walioandika habari za Mpango wa Karanga wa Tanganyika wamezihesabu sana fedha na matrekta, bali jua hawakulipa haki yake. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake waliishauri Serikali ya Uingereza ilime karanga katika ekari zipatazo 3,210,000 za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa iwe Jimbo la Kusini, na makao yake yakawa Nachingwea. Miti ikaanza kung'olewa.

Msomaji na autazame mti ufanyavyo kazi. Jua liangukiapo majani, sehemu kubwa ya nguvu yake hutumika kugeuza kuwa mvuke maji yaliyovutwa na mizizi. Ndiyo maana hewa ya msituni hupoa. Mti ukiondoka, kazi hiyo hukosa mtendaji. Nguvu ile huupasha moto udongo, nao udongo mkavu ni mvivu wa kupeleka joto chini, kwa hiyo hulilimbika juu, hata uso wa ardhi ukawa moto kuliko hewa iliyo juu yake. Usiku wa kiangazi, mbingu isipokuwa na wingu, ardhi hulirudisha joto hilo angani upesi, na alfajiri mtu wa Ruangwa hutafuta shuka ya pili. Wakati wa mvua mawingu hulizuia, tukalala na fukuto.

Kongwa, katika Jimbo la Kati, udongo ulikuwa wa mfinyanzi. Jua liliukausha ukawa mgumu kama tofali, na karanga, ambazo huzaa chini ya ardhi, zikawa taabu kubwa kuzing'oa. (Mfinyanzi yeyote angaliwaambia hayo bila malipo.) Nachingwea ilipata udongo bora, lakini msitu wake ulikuwa mnene na reli yake ilichelewa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Mkulima wa jembe la mkono huchanganya mahindi, kunde na maboga, na majani ya maboga hutandaa yakaifunika ardhi. Siku hizi mikorosho imeenea Nachingwea na Ruangwa. Mwenye shaka na aweke kiganja saa nane mchana chini ya mkorosho, penye majani makavu, kisha akiweke juu ya udongo wa barabarani.