Sarafu ya Kilwa Haisuguliwi kwa Ndimu

Akiuziwa sarafu ya kale iliyosafishwa, mkusanyaji hupenda kujua kwanza thamani yake imepungua kiasi gani. Kwa sarafu za Kilwa, hasara kubwa haiko kwenye bei. Masultani wa huko walipiga sarafu za shaba zenye jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina, lakini bila mwaka. Umri wa sarafu hizo hutafutwa katika udongo zilimolala na vitu zilivyolala navyo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari zilikuwa na miaka, na ndizo zilizoonyesha kwamba zile za fedha, zikiwemo za Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utawala wa Washirazi wa Kilwa, ni za karne ya 11. Kabla ya hapo Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa, alikuwa ameuweka mwanzo wa utawala huo mwishoni mwa karne ya 12. Lau sarafu za Mtambwe zingeokotwa, zikasuguliwa na kuuzwa mojamoja, ushahidi huo usingepatikana.

Wapo watakaosema kwamba bila kusafishwa jina halisomeki. Ni kweli, na chumvi ya pwani huendelea kuila shaba hata ikiwa kabatini. Lakini mhifadhi wa makumbusho huondoa kutu kidogo kidogo chini ya hadubini, na huandika alichokiondoa na mahali sarafu ilipotoka. Ndimu na majivu huondoa kutu pamoja na herufi, na muuzaji hana maandishi yoyote. Wengine hudai kwamba mnunuzi huiokoa sarafu isiyeyushwe. Huenda akaiokoa hiyo moja, ila fedha yake humtuma mchimbaji akatafute nyingine.

Si kila sarafu iliyosafishwa ikataliwe. Heller 20 ya Tabora, iliyopigwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ina mwaka 1916 na herufi T. Ikisuguliwa hupoteza uzuri na bei, si utambulisho wake, hivyo anayeipenda na ainunue kwa bei ya chini. Ya Kilwa iliyong'arishwa, isiyo na kumbukumbu ya ilikotoka, isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, zikiwemo sarafu hizo za Kilwa. Mkusanyaji mwadilifu aanze kwa kudai karatasi, kisha ndipo aitazame sarafu.