Garidago, si Nyumba Tembezi

Wiki tatu zilizopita nililetewa rasimu ya orodha ya istilahi za usafiri na utalii, niipitie kisha nitie saini. Kuipitia nimeipitia. Saini sikutia, na sababu iko ukurasa wa nne. Hapo gari linalogeuzwa malazi ya safarini, lile ambalo mafundi wa Arusha hulijenga juu ya Land Rover au Land Cruiser kongwe, limepewa jina la "nyumba tembezi". Chini yake, kama mbadala, pameandikwa "gari la kambi". Majina yote mawili ni mabaya, na la kwanza ni baya zaidi. Miaka miwili iliyopita niliwapelekea wanakamati haohao walioiandaa rasimu neno "garidago" pamoja na kurasa sita za maelezo. Nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba neno hilo halikidhi vigezo. Vigezo vyenyewe sijaonyeshwa hadi leo.

Gari lenyewe msomaji analijua: godoro nyuma, jiko la gesi, tanki la maji, paa la kuinua, na magurudumu yote manne yanavuta. Kinachogombewa hapa ni jina lake.

Nianze na "kambi", kwa kuwa kosa lake ni jepesi kuliona. Warumi walikuwa na neno campus, yaani uwanja wa wazi. Waitaliano na Wafaransa wakalichukua wakalitumia kwa uwanja ambapo jeshi hupiga mahema, Waingereza wakalipokea kwa maana hiyo, nasi tukalipata kwao. Neno hilohilo la Kirumi ndilo lililotupa "kampasi" ya chuo kikuu. Tangu iingie kwetu, kambi haijapoteza harufu ya jeshi. Tuna kambi ya jeshi, kambi ya wakimbizi, kambi ya timu ya taifa, kambi ya upinzani bungeni. Pote humo mna watu wengi, mna mkubwa wao, na mna saa ya kuamka isiyochaguliwa na aliyelala. Mtu na mkewe walioegesha gari kando ya Ziwa Natron wakachemsha chai hawajaweka kambi. Msemaji yeyote wa Kiswahili akiwaona hatasema hivyo.

Katika semina moja alisimama msomi, ambaye simtaji, akasema tusijisumbue, tuchukue "karavani" mambo yaishe. Hayaishi. Kārwān ni neno la Kiajemi, na maana yake ni msafara: ngamia, watu na mizigo, wakifuatana ili wasiibiwe njiani. Lilipofika Ulaya lilishuka daraja. Kwanza likawa msafara wa mbali wa Mashariki, kisha gari kubwa la kufunikwa, kisha kibanda cha magurudumu kinachokokotwa. Waingereza hawakutosheka, wakalikata kichwa na kubaki na mkia wake, van, ambao leo ni jina la gari dogo la kubebea mizigo. Kwa hiyo anayetaka tukope "karavani" anatuletea msafara wa Waajemi uliokwisha kupoteza ngamia na watu. Isitoshe, karavani ya Waingereza haina injini, hukokotwa na gari jingine. Gari tunalolitafutia jina lina injini, lina giaboksi, na lina gia ya lo ya kupandia mlima. Hoja hiyo peke yake ilitosha kuifunga semina, lakini sikupewa nafasi ya kuisema.

Sasa "nyumba tembezi". Aliyelibuni hakusikiliza jinsi neno "nyumba" linavyoishi midomoni mwa watu. Nyumba kwetu ina msingi, ina kizingiti, ina jirani na ina anayerithi. Nyumba ni jengo na ni watu wake pia, na ndiyo maana "nyumba ndogo" imepata maana ambayo kila mtu mzima anaijua. Ukiibandika "tembezi" kwenye nyumba, akili ya msikilizaji inakimbilia kulekule, na mwenye gari hatakubali kulitaja jina hilo mbele ya wakwe zake.

Lakini ubaya wake mkubwa hauko masikioni. Jina huongoza mkono wa fundi. Nimeliona hili kwa macho yangu katika gereji moja ya Arusha, mji ambao Land Rover zake ni nyingi kiasi kwamba Oktoba 2024 zilifanyiwa tamasha lao wenyewe. Mteja kutoka Tanga alileta Land Rover ya 109 ya mwaka 1968, Series IIA, chesisi nzima, injini ya lita 2.25 inayowaka kwa jaribio la kwanza. Akaagiza "nyumba". Fundi akamjengea nyumba kweli: makabati ya mninga, sinki la bati zito, tanki la maji la lita 200, na kitanda cha fremu ya chuma. Maji ya lita 200 ni kilo 200 kabla hujatia hata kijiko. Springi za nyuma zilinyooka kama rula kabla gari halijavuka geti.

Halafu kuna hili la bodi. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa kuwa Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani, ilikuwa na uhaba wa chuma. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu, lakini ukiiunganisha na chuma kitupu, bila raba katikati, palipo na hewa ya chumvi, huliwa ikabaki unga mweupe. Mzee aliyekuwa akisimamia gereji alikuja kuitazama ile fremu ya kitanda iliyopigiliwa riveti moja kwa moja ubavuni. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu bwana angesema anataka pa kulala tu, ningempa pa kulala. Alisema nyumba."

Sentensi hiyo ya mzee nimeinukuu katika barua yangu ya pili kwa kamati. Barua hiyo haijajibiwa.

Nije kwenye dago, ambako nilitaka kufika tangu mwanzo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba dago ni makazi ya muda ya wavuvi walio safarini. Mvuvi wa Kojani, kule Pemba, kaskazi ikivuma hupakia chombo, huaga, akaenda kupiga dago Tanga, Mafia au pwani ya Kenya, wiki kwa wiki, mahali ambapo si kwao lakini wanamjua. Hachukui nyumba yake. Huchukua kile ambacho chombo kinaweza kubeba: sufuria, mkeka, galoni za maji, nyavu, chumvi. Nilipokuwa mdogo niliwaona wavuvi wa namna hii wakilitandaza tanga juu ya miti miwili jioni, likawa paa, na alfajiri likarudi mlingotini kuwa tanga. Kifaa kimoja, kazi mbili, na hakuna uzito wa ziada. Fundi yeyote anayejua kujenga gari la namna hii atakuambia kwamba hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza: kila kitu kifanye kazi mbili, na kisichoweza kishushwe.

Dago lina ndugu yake wa zamani, "ago", ambalo leo linaishi hasa katika methali: ago halinyelewi, huenda ukauya papo. Mimi nayahesabu maneno hayo kuwa ya tumbo moja, ago na mago yake, dago na madago yake. Tazameni jinsi methali ilivyobeba sheria nzima ya wasafiri kwa maneno matano. Mahali ulipolala hupachafui, kwa sababu safari itakurudisha. Mwenye gari anayetupa chupa za plastiki ukingoni mwa Ziwa Eyasi hahitaji bango la Kiingereza lililotafsiriwa. Anahitaji kukumbushwa kwamba amepiga dago, na dago lina adabu yake. "Nyumba tembezi" haina methali hata moja nyuma yake.

Nimeelezwa pingamizi tatu, zote kwa njia ya uvumi, kwa kuwa hakuna aliyeziandika na kuweka jina lake.

Ya kwanza, eti dago ni neno la wavuvi tu. Nauliza: nanga, usukani, bandari na shehena yalikuwa maneno ya nani? Lori la mizigo likiwa Tunduma lina shehena, na bahari iko mbali nalo mamia ya kilomita. Dereva wa basi hushika usukani bila kuona tanga maisha yake yote. Kiswahili kimekuwa kikitoa maneno ufukoni na kuyapandisha bara tangu kianze kupanda bara chenyewe.

Ya pili, eti neno hili lafanana na tusi la Kiingereza linalowalenga Waitaliano na Wahispania. Ni kweli tusi hilo lipo, na asili yake ni jina Diego. Lakini lugha yetu haikuapa kuomba ruhusa kwa matusi ya watu wengine. Tukianza kufuta maneno yanayogongana na matusi ya Kiingereza, Kijerumani, Kiarabu na Kichina, kamusi yetu itabaki jalada tupu.

Ya tatu ni ya wakulima, na hii naiheshimu: ndago ni majani sugu yanayosumbua shamba. Lakini ndago si dago, na anayelima hawezi kuyachanganya, kama asivyochanganya mbuzi wa malisho na mbuzi ya kukunia nazi.

Waingereza wenyewe, ambao kamati yetu huwaiga pasipostahili, hawakuitaja nyumba walipotafuta jina zuri. Kampuni ya Martin Walter ya Folkestone, katika jimbo la Kent, iliunda magari ya kulala ikayaita Dormobile, kwa kuunganisha neno la bweni na neno la gari. Katika miaka ya 1960 iliigeuza hata Land Rover ya 109, ikaipa paa linaloinuka kwa bawaba za upande mmoja na turubai la mistari. Jina lile lilitaja pa kulala, halikutaja nyumba, na watu walilipenda hadi likawa jina la magari ya aina hiyo hata yasiyotoka kiwanda kile.

Na "garidago" limejengwa kwa kanuni ambayo haina mgogoro. Gari, lililovuka bahari kutoka India, tayari lilishaungana na moshi likazaa garimoshi, magarimoshi. Garidago, magaridago. Hakuna kistari, hakuna "ya" wala "la" ya katikati, na halihitaji kamusi ya Kiingereza ubavuni ili lieleweke. Wakazi wa Dar es Salaam walipoletewa mabasi yaendayo haraka, waliyaita mwendokasi, neno moja, na vyombo vya habari vikafuata. Neno linalokaa ni lile ambalo kondakta anaweza kulipigia kelele.

Matumizi ni mepesi: nimenunua garidago, garidago langu lina tanki la lita 60, tumepiga dago Ngare Sero siku mbili, yeye ni mwanadago. Kuhusu mfumo wa magurudumu manne kuvuta, orodha ileile imependekeza maneno matano marefu mahali pa "fowili". Fowili iachwe. Imeshafika Loliondo na kurudi, na sina ugomvi na neno lililokwishafanya kazi.

Yule mteja wa Tanga alirudi gereji baada ya miezi miwili. Mninga uling'olewa, plaiwudi nyepesi ikawekwa, tanki likashuka hadi lita 60, raba ikatiwa kila chuma kilipogusa bodi, na springi zikabadilishwa. Zamu hii agizo lake kwenye daftari la fundi liliandikwa kwa mkono wangu, kwa neno moja.

Rasimu itafungwa mwisho wa mwezi huu. Msomaji uliye fundi, dereva, mvuvi au mwalimu, iandikie kamati kabla ya siku hiyo na uiambie unaliitaje gari hili. Kama unalo neno linalolishinda garidago, lilete, nami nitakuwa wa kwanza kulitumia. Ila "nyumba" isiwemo.