Mzigo Kati ya Ufukwe na Meli

Kabla ya kuwa chombo cha kuchukua mizigo ya watu, meli ya Liemba ilikuwa yenyewe mzigo. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Huko ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mara nyingi nimejiuliza: kama sanduku moja tu lingeanguka njiani, pengine lile lenye kipande ambacho bila hicho injini haiwaki, nani angelipa, na angelipa kiasi gani? Thamani ya kipande? Au thamani ya meli nzima isiyoweza kwenda?

Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe isije ikatumiwa na adui. Lakini mafundi wao walikwisha kuzipaka injini grisi nzito kabla ya kuifungulia maji. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado za kufaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa maoni yangu grisi ile ndiyo bima iliyofanya kazi vizuri kuliko zote katika historia ya Ziwa Tanganyika. Haikuandikwa na karani yeyote, wala haikutozwa ada, na siku ya kudaiwa ilipofika, ililipa.

Nayasema haya kwa sababu nataka kuzungumzia Ikola, na mtu akitaja Ikola na mizigo hana budi kuanza na Liemba. Kwa miaka mingi meli hiyo, iliyochukua abiria wapatao 600 na tani zipatazo 200 za mizigo, ndiyo iliyokuwa barabara ya watu wa ufukwe wetu. Kutoka Ikola hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100 za nchi kavu, na njia hiyo wakati wa masika ilikuwa ni jambo la kumwombea mtu dua. Ziwani, kinyume chake, mchele, mahindi, dagaa na migebuka viliweza kufika Kigoma upande mmoja na Mpulungu, Zambia, upande wa pili. Vikirudi, vilirudi kama sabuni, chumvi, mabati na vitenge.

Ila palikuwa na jambo moja ambalo mgeni aliyekaa sitahani akinywa chai aliliona kuwa ni tamasha, na sisi tuliliona kuwa ni hesabu. Katika miaka ninayoisimulia, Ikola haikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo, ikapiga honi, na mitumbwi na maboti ya mbao yakaifuata kama vifaranga. Watu walipanda kwa kamba na ngazi, mbuzi walipandishwa wakilia, magunia yaliinuliwa kwa winchi au kwa mabega. Safari ile ya mita mia chache, kutoka mchangani hadi ubavuni mwa meli, haikuwa na karani.

Mwenye meli alianza kuutambua mzigo ulipogusa sitaha yake. Hapo ndipo ulipohesabiwa, ukapimwa, nauli ikatajwa na stakabadhi ikaandikwa kwa kalamu na karatasi ya kaboni. Kabla ya hapo, kwa maandishi, mzigo haukuwapo duniani.

Nilikuwa kijana nilipofuatana na shangazi yangu kupeleka magunia 11 ya mchele. Usiku huo upepo wa kusini ulikuwa umeamka. Boti letu lilipofika ubavuni mwa meli, boti la jirani likalisukuma, wimbi likaingia, na magunia manne yakalowa mpaka katikati. Hakuna aliyezama, namshukuru Mungu. Shangazi hakupiga kelele. Alimwambia mwenye boti, mtu aliyemjua tangu utoto wake, “Sasa baba, hili tunalifanyaje?” Yule mzee akajibu, “Mama, ziwa ni la Mungu, lakini boti ni langu. Safari mbili zijazo nakuvushia bure.” Mambo yakaishia hapo. Magunia saba makavu yakaandikiwa stakabadhi, na manne yakarudi ufukweni kuanikwa. Mchele ule tuliula wenyewe kwa muda mrefu, wenye harufu.

Nimeisoma baadaye historia ya bima ya majini, nikashangaa kuona kwamba tatizo la shangazi yangu lilikwisha kufikiriwa zamani sana. Watu wa kisiwa cha Rhodes walikuwa na kanuni, na Warumi wakaihifadhi katika sheria zao, kwamba mali ya mtu ikitupwa majini ili kuokoa chombo, wenye mali wote waliomo washiriki hasara. Katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd huko London, ambao habari zake zinajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1680, wafanyabiashara walikaa na kuandika majina yao chini ya karatasi, kila mmoja akikubali kubeba sehemu ya hatari ya safari. Mwaka 1779 waandika bima wa Lloyd’s walikubaliana juu ya hati ya namna moja, na hati hiyo ilikwenda na mzigo hadi ushushwe salama nchi kavu. Baadaye wakazoea kuongeza maneno yaliyotaja waziwazi hatari za matishari, yaani vyombo vidogo vinavyochukua mzigo baina ya pwani na meli. Boti la mbao la Ikola ni nini, kama si tishari?

Kwa hiyo si kweli kwamba maarifa hayakuwapo. Yalikuwapo, ila hayakupanda meli ya kuja kwetu.

Tulichopata ni desturi nyingine ya Waingereza, ile ya reli. Liemba ilikuwa chini ya reli ya Tanganyika, baadaye Reli ya Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, chini ya Shirika la Reli Tanzania. Reli za Waingereza zilizoea kuwa na nauli za namna mbili: nauli ya juu, ambapo reli yenyewe ilibeba hatari, na nauli ya chini, ambapo mzigo ulisafiri kwa hatari ya mwenye mali. Maskini siku zote huchagua ya chini. Haichagui kwa sababu hajali mali yake. Anaichagua kwa sababu tofauti ya nauli ni fedha taslimu ya leo, na hasara ni jambo la kesho ambalo huenda lisitokee.

Kuna sadfa inayonifurahisha. Mwaka uleule wa 1924 ambao Liemba ilitolewa majini, wajumbe wa mataifa walitia saini huko Brussels mkataba unaojulikana kama Kanuni za Hague, kuhusu hati za shehena za baharini. Kanuni hizo zilimwekea mwenye meli kikomo: kifurushi kikipotea au kuharibika, hatalipa zaidi ya pauni 100, isipokuwa kama mwenye mzigo alitaja aina na thamani ya mali yake kabla ya kupakia, na thamani hiyo ikaandikwa katika hati. Kanuni hizo ni za bahari, si za mchele wa Ikola unaokwenda Kigoma. Lakini fundisho lake liko wazi kwa kila chombo na kila maji: mali ambayo thamani yake haikuandikwa kabla ya safari, baada ya safari itathaminiwa na yule anayedaiwa.

Na hapo ndipo lilipokuwa fundo la bima kwetu. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara yote ya bima ikawa mikononi mwake, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Sina neno baya juu ya hilo. Nchi changa ilitaka kuziweka akiba zake nyumbani. Lakini bima huuliza maswali matatu: mali ni yako? Ina thamani gani? Ilikuwa wapi ilipoharibika? Shangazi aliyelima mchele wake mwenyewe hakuwa na risiti ya kununulia. Thamani yake ilikuwa ile ambayo soko la Kigoma lingeamua baada ya siku mbili. Na mahali ulipoharibika ni pale ambapo hapakuwa na karani. Zaidi ya hayo, kabla ya mwaka 2012, Katavi ilipofanywa mkoa, sisi tulikuwa wa Rukwa, na makao makuu ya mkoa yalikuwa Sumbawanga. Nani angesafiri hadi huko kukatia bima magunia 11?

Tusidhani kwamba karatasi ni jambo la mali tu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na kuua watu zaidi ya 800. Baada ya msiba ilionekana kwamba orodha ilikuwapo ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Msomaji na alitafakari hilo. Yule aliyelipa kidogo hakuandikwa, na asiyeandikwa jamaa zake walilazimika kwanza kuthibitisha kwamba alikuwamo, ndipo wathibitishe kwamba amekufa. Desemba 2014, katika ziwa letu hili, upande wa Kongo, chombo kiitwacho Mutambala kilipinduka na watu 129 wakafa. Ziwa lenye kina cha mita zipatazo 1,470 halirudishi vielelezo.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Mwaka 1997 huduma za meli zilitengwa na reli, ikaundwa kampuni ya umma ya kuendesha meli za maziwa. Mwaka 2008 fedha zilianza kusafiri kwa simu ya mkononi katika Tanzania, na kwa mfanyabiashara wa ufukweni hilo lilikuwa kubwa kuliko gati, maana hapakuwa tena na haja ya kushona noti ndani ya kanga. Mwaka 2010 zilikuja mashine za risiti za kielektroniki za mamlaka ya mapato. Mwaka 2017 Serikali ikaanzisha mfumo mmoja wa kupokea malipo yake yote: unapewa ankara yenye kumbukumbu namba, unalipa benki au kwa simu, na malipo yanaonekana Dodoma kabla hujaondoka dirishani. Upande wa bima, sheria ya mwaka 2009 iliunda mamlaka ya kusimamia bima, na kuanzia Januari 2018 waagizaji wakaanza kudaiwa kwa nguvu ya sheria hiyo kwamba mali inayoingizwa nchini ikatiwe bima na makampuni ya hapa. Mwaka 2022 bandari mpya ya Karema, jirani zetu, ikakamilika kwa gharama ya shilingi karibu bilioni 48, mahali ambapo Wabelgiji walipiga kambi mwaka 1879 na Mapadre Weupe wakaipokea mwaka 1885. Ng’ambo yake ni Kongo.

Ni maendeleo, na mimi si katika wale wazee wanaolia kila mashine mpya ikija. Karani wa kaboni aliweza kusoma gunia 11 akaandika 10. Mfumo hauli rushwa ya kitenge. Lakini nimezitazama ankara hizi kwa makini, na naona zimerithi tabia ya stakabadhi ya zamani. Zinaeleza kwa ufasaha kile ambacho mwenye mzigo anadaiwa: uzito, tozo, nauli, kodi, tarehe, saa, hata dakika. Kile ambacho mwenye mzigo atakidai, mambo yakiharibika, ni karatasi nyingine, ya ofisi nyingine, na kwa mchuuzi wa magunia machache karatasi hiyo mara nyingi haipo kabisa. Aliyetengeneza ankara alikuwa anakusanya mapato, na alifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyemtuma kuuliza mali hii ina thamani gani kwa mwenyewe. Sharti la mwaka 2018 nalo linamgusa mwagizaji wa mali ya nje; mchele wa Ikola unaokwenda kuuzwa Kigoma si mali ya nje.

Wala simlaumu mwenye kampuni ya bima. Kukatia bima gunia moja kwa gharama ya kuandika hati mbili si biashara. Lakini sasa gharama ya kuandika imekuwa karibu na bure, kwa kuwa jina, uzito, siku na chombo vyote vimekwisha ingia mtamboni kwa ajili ya nauli. Kilichobaki ni mstari mmoja wa thamani, na shilingi chache juu ya nauli kwa yule anayetaka. Watu wa London walikaa mkahawani wakaanza na kidogo kuliko hicho.

Nilimwuliza mfanyabiashara mmoja mwanamke, wa umri wa wajukuu zangu, anayepeleka dagaa, kama ankara yake ingemsaidia kitu dagaa zikilowa. Akacheka, akanionyesha simu: namba ya tarakimu 12, kiasi, na neno kwamba imelipwa. Kisha akatoa daftari la shule kwenye mkoba. Humo alikuwa ameandika kwa kalamu idadi ya magunia, bei aliyonunulia kila moja, jina la boti litakalovusha, na mwenye boti ametia saini yake chini.